Mkono wa Parabole Uliofukuza Ndege

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza acheni kunicheka. Ninajua mnanicheka. Mnasema koko, bibi yenu, ana ugonjwa wa karatasi, anaokota risiti njiani, anaficha magazeti ya zamani chini ya godoro, anapigana na mtoto wa miaka sita juu ya karanga. Ni kweli nilipigana naye. Juzi mjukuu wangu Furaha alirudi kutoka sokoni na karanga za kukaanga, bado za moto, zimefungwa ndani ya karatasi iliyokunjwa kama pembe. Harufu ile ya chumvi, ya mchanga wa moto na ya karatasi inayotaka kuungua ilinifikia kabla mtoto hajagusa mlango. Nilimnyang'anya. Nilimwaga karanga chini, nikafungua karatasi, nikaigeuza huku na huku. Ilikuwa mtihani wa hesabu wa mtoto wa mtu. Furaha akalia, na mama yake akasimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Koko, sasa karanga nazo zilikukosea nini?"

Sikumjibu. Ninamjibu hapa.

Mjue pia kwamba mimi si mzee vile mnavyonifanya. Vita ya kwanza ilinitoa shuleni nikiwa mwaka wa tatu, uzazi ukanikuta mapema, na binti yangu naye hakungoja. Kuandika vizuri nilijifunza ukubwani, kanisani, pamoja na bamama wengine. Kwa hiyo msitafute maneno matamu. Na hadithi yenyewe haina utamu.

Baba yangu alikufa katika vita ile ya kwanza. Mama alikuwa ametangulia, kipindupindu kilimchukua kwa siku mbili. Nikapewa mdogo wake baba, niliyemwita Baba Mudogo, fundi wa redio katika soko la Baraka, na mke wake, niliyemwita Mama Mudogo kwa sababu nililazimishwa. Hatukupendana. Yeye alikuwa amezika watoto wawili wachanga na hakupata mwingine, na jirani yetu Mama Atosha, mwenye mdomo usiojua kupumzika, alikuwa anasema wazi kisimani kwamba mwanamke yule aliwakula watoto wake mwenyewe. Mnajua maana yake. Uchawi. Mimi niliyasikia, nikayaamini, na nililala nikiwa nimejifunika kichwa.

Yeye naye hakunibembeleza. Nikichelewa kuamka alisimama mlangoni akisema, "Weye Wabiwa, miguu yako inajuaka tu njia ya sahani." Nikirudi na ndoo haijajaa: "Maji ingine umemupa nani? Mume wako?" Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilimjibu kwa tumbo, kimoyomoyo, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu kuna watoto.

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya Baraka, juu ya mteremko, upande wa kwenda Fizi. Nyuma ya nyumba kulikuwa migomba, kisha michikichi, kisha chini kabisa shamba letu la mpunga, na ng'ambo ya shamba ndiyo barabara. Kutoka uani hadi kwenye mpunga ni hatua mia mbili na kitu. Nimezihesabu mara nyingi, kwa macho tu.

Kazi yangu ilikuwa kukaanga karanga na kwenda kuziuza pwani, mitumbwi ya Kazimia ilipokuwa inafika. Kazi hiyo inataka karatasi, na wakati wa vita karatasi ilikuwa shida kuliko karanga. Nilianza na daftari langu mwenyewe la mwaka wa tatu. Nilichana ukurasa mmoja mmoja, nikauza masomo yangu yote na karanga ndani yake. Lilipokwisha, nikatafuta.

Chini ya kitanda cha Baba Mudogo kulikuwa na karto, boksi la karatasi ngumu, la tajiri mmoja aliyekimbilia ng'ambo ya ziwa. Tajiri yule ndiye alikuwa na parabole, lile sinia kubwa la kushika televisheni ya mbali, na alipokimbia alimwachia Baba Mudogo sinia, na mkono wa chuma uliokuwa unalisukuma huku na huku, na kisanduku cheusi chenye vifungo na namba nyekundu cha kuuamrisha ule mkono. Katika karto, pamoja na kisanduku, kulikuwa na kitabu kidogo. Kilikuwa na picha za vifungo na mishale, na maandishi madogo sana. Karatasi yake ilikuwa nyeupe na laini, haikupitisha mafuta. Sijawahi kuona karatasi nzuri vile kwa karanga. Watu wa mitumbwi waliisifu. Nilikimaliza kwa wiki tatu, na sikumwambia mtu.

Halafu ikaja vita ya pili, ikatukuta bado tunahesabu wafu wa ile ya kwanza. Sitasema askari wa upande gani walikuwa wanapita barabarani. Pande zote zilikuwa na bunduki na zote zilikuwa na njaa. Walikula mbuzi wetu, kuku, mihogo ya shamba la juu, hata sufuria walibeba. Kilichobaki ni ule mpunga wa chini, kwa sababu ulikuwa bado mbichi na askari hana subira ya kungoja mpunga.

Sasa, ninyi mnaonunua mchele kwa gunia, mjue kitu kimoja. Mpunga ukianza kuwa na maziwa ndani, ndege wadogo wanakuja kama vumbi. Asubuhi na alasiri. Shamba lisilolindwa linabaki makapi kwa siku nne. Ndiyo maana tangu zamani watoto wanakaa shambani na kombeo na makopo, wanapiga kelele mpaka sauti inakauka. Lakini mwaka ule, mchana kweupe, mabinti wawili wa jirani walichukuliwa katika mpunga wao, na kombeo mikononi. Mmoja alirudi, hasemi. Mwingine hakurudi. Kuanzia siku ile hakuna mtoto aliyeshuka. Wanaume hawakuweza kushuka kabisa: mwanaume akikutwa shambani anaitwa mwasi, anamalizwa hapo hapo.

Tulijaribu kuvuta kamba kutoka juu. Baba Mudogo alishuka alfajiri moja, bado giza, akasimamisha mti mrefu wa mwanzi katikati ya mpunga, akafunga makopo kwenye nyuzi zilizotawanyika shamba lote, na kamba moja ya nyavu ikapanda kati ya michikichi mpaka uani kwetu. Mimi na Mama Mudogo tukavuta. Kamba ilitukata viganja, na kule chini makopo yakatikisika kidogo kama mtu anayekohoa kanisani. Ndege hata hawakugeuza kichwa.

Mama Mudogo akaitupa kamba. "Kama hii haiwezekane, Wabiwa atashuka. Nani mwingine? Anakulaka hapa, ao hapana?"

Maneno yale aliyasema siku ile, akayasema kesho yake, akayasema kila mara wali ulipokuwa mdogo sufuriani. Mimi nikawa ninaota kombeo.

Ndipo Baba Mudogo akakumbuka mkono wa parabole. Alisema chuma kilichoweza kusukuma sinia lile katika upepo wa ziwa kinaweza kupinda mwanzi. Kinaenda polepole, sawa, lakini hata mtego wa panya wa porini unapindwa polepole. Kinachouma ni kule kuachia. Akafunga mkono kwenye nguzo nyuma ya nyumba. Kamba ikaishia na pete, pete ikashikwa na kijiti kwenye ncha ya mkono. Mkono ukirudi ndani, unavuta, mwanzi unapinda kule chini. Ukichomoa kijiti, mwanzi unaruka na makopo yote yanalia kwa pamoja. Akaomba bateri tatu za gari, akazifunga kwa mstari, akafungua kisanduku na kuingiza moto, ule umeme wa bateri, mahali alipopajua yeye.

Kisha akasema, "Sasa munipe kile kitabu."

Alitafuta ndani ya karto. Alitafuta chini ya kitanda. Akageuza godoro. Nilikuwa nimekaa kizingitini ninachambua karanga, na masikio yangu yalikuwa ya moto kuliko mchanga wa kukaangia.

"Kitabu iko wapi? Wabiwa?"

"Mi sijue, Baba."

"Mama?"

Mama Mudogo alikuwa anapepeta unga. Hakuacha kupepeta. Alisema, "Mi njo niliichoma."

"Uliichoma?"

"Kuni ilikuwa mbichi. Nikaichoma."

Niliinama juu ya karanga zangu. Nilifikiri amechanganyikiwa, amechoma kitu kingine na sasa anafikiri ni kile. Nikafurahi. Ninasema kweli, sitaki uongo katika umri huu: nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Baba Mudogo hakumpiga. Alifanya kibaya zaidi. Siku tano alikataa chakula chake. Mama Mudogo alipika, akaweka mezani, akafunika. Baba Mudogo akatoka bila kufunua, akaenda kula kwa Mama Atosha, mbele ya watu. Kila jioni Mama Mudogo alirudisha sahani ile imefunikwa, akapita nayo uani, na Mama Atosha kutoka kwake anamwimbia, "Mama, kama weye ni mupishi mubaya, leta nikufundishe!" Mimi nilikuwa ninakula ile sahani. Wali wa baba mwenye nyumba, wote wangu.

Bila kitabu, Baba Mudogo alipigana na kisanduku kama mtu anayekamua ng'ombe asiyemjua. Nyaya zilikuwa nne, mbili nene na mbili nyembamba. Zile nene alizielewa, ndizo za nguvu. Akibonyeza kifungo chenye mshale, mkono unakwenda kidogo, unasimama, namba nyekundu zinapotea na kisanduku kinaandika neno la kukataa. Anazima, anawasha, kinakataa tena. Siku tatu. Mama Atosha alikuja kuangalia na kibakuli cha mihogo mkononi. "Fundi, televisheni yako inaonyesha ndege gani leo?" Mwishowe Baba Mudogo akagundua kwamba zile nyembamba ndizo macho ya kisanduku, kwa hizo kinahesabu mwendo wa mkono, na kisipoona kitu kinasimama kwa hofu. Akazipeleka matundu mengine. Namba zikaanza kupanda: kumi na mbili, kumi na tatu. Akapiga kofi pajani, na kwa mara ya kwanza katika siku zile akacheka.

Lakini kuna kitu hakukipata. Alijua kisanduku kinaweza kufundishwa mwisho wake, kwamba kikifika hapa kisimame chenyewe, kwa sababu kule kwa tajiri alikiona kinasimama. Namna ya kukifundisha ilikuwa ndani ya kitabu. Basi akanifanya mimi kuwa mwisho wake.

"Ona namba. Arobaini, unaacha kifungo, unachomoa kijiti. Unarudisha mpaka kumi na mbili, unaweka pete na kijiti. Usipite arobaini, mwanzi utavunjika. Na namba ikizima ao ikiruka, usiguse tena. Uniite."

Nilikaa nyuma ya nyumba kwenye kinu kilichogeuzwa, kidole kwenye kifungo. Chuma kilinung'unika, kamba ikakaza, mafuta meusi yakatoka kwenye ncha ya mkono yakanukia kama duka la baiskeli. Arobaini. Nikachomoa. Kule chini makopo yakapiga mlio ambao uliinua ndege wote wa bonde, wakawa kitambaa kimoja angani. Nilipiga kelele kwa furaha. Hata Mama Mudogo alitoka jikoni akatazama, akasema, "Sawa. Mara hii kidole chako kimefanya kazi." Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Siku kumi na moja tulilinda mpunga hivyo, asubuhi na alasiri. Ulianza kuinama na kubadilika rangi. Zilibaki siku chache tu.

Asubuhi ya kumi na mbili bateri zilikuwa zimechoka. Nilikuwa nimefika ishirini na tano namba zilipofifia, zikazima, zikarudi. Zikarudi zikisema saba. Niliona. Nilijua mkono uko katikati ya safari na kisanduku kimesahau. Nilitakiwa kumwita Baba Mudogo. Lakini alikuwa ameamka na hasira siku ile, na mimi tangu siku ya kitabu nilikuwa ninaogopa kila kilichogusa kisanduku, kana kwamba nikiita tu ataiona karanga usoni kwangu. Nikaendelea kubonyeza. Nane. Tisa. Nikajiambia nitaacha ikifika arobaini, kama nilivyoagizwa. Kamba ikalia sauti mpya. Kule chini kitu kikapasuka kama fimbo ya kuni, na kamba ikalegea yote, ikalala chini kama nyoka aliyekufa.

Baba Mudogo alitoka mbio. Alitazama kamba, akatazama kisanduku, na hakunitazama mimi.

"Kingekuwa na mwisho wake, hii haingefika," alisema. "Mwisho wake ulikuwa mu kitabu." Akageuka jikoni. "Ndege bako tayari mu mpunga. Lazima mutu ashuke akafunge mwanzi mwingine. Mi nikishuka, ni risasi. Ule aliyechoma kitabu njo aende. Ao mutoto aende. Muchague."

Hapo, wajukuu, ndipo mahali. Nimerudi pale mara nyingi kuliko kanisani. Nilikuwa nimesimama kati ya mlango na kinu, kati ya watu wawili, na neno lilikuwa fupi: ni mimi. Mama Mudogo alinitazama. Mara moja, kwa muda wa kupumua tu. Nikasoma chuki katika macho yale, kwa sababu chuki ndiyo nilikuwa ninajua kusoma. Nikatazama miguu yangu. Akakaza kitenge, akachukua panga na kamba, akashuka.

Baba Mudogo akarudisha mkono mpaka mwanzo wake, namba zikawa tena kumi na mbili, akaweka pete na kijiti; mimi nilimwona Mama Mudogo kutoka kwenye migomba. Alikata mwanzi mpya kando ya mfereji, akausimamisha, akaukanyagia udongo, akafunga nyuzi za makopo moja moja. Alifanya haraka na vizuri. Alikuwa anafunga kamba yetu ya mwisho, ananyoosha mkono juu kuniashiria nikaze, wakati nilipoona vichwa barabarani. Vichwa sita, saba, vinakuja vimefichwa nusu na majani ya kingo. Yeye alikuwa amewapa mgongo.

Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kupiga yowe. Lakini yowe lingeonyesha nyumba, yowe lingeonyesha mimi. Nikakimbilia kisanduku, nikabonyeza kifungo, ili makopo yalie na yeye ageuke. Na kile chuma kilikwenda kama kinavyokwenda. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Nililia nikikisukuma kwa mkono wa pili, kana kwamba kingesikia. Kumi na tisa. Kati ya majani niliona shati la kijani ndani ya mpunga. Ishirini na mbili. Mmoja akamshika shingo. Ishirini na nane. Wakaweka kitu kichwani pake, gunia ama sanduku, akapiga goti, wakamwinua tena. Nilipofika arobaini nilichomoa kijiti. Makopo yakapiga, ndege wakainuka wote, na hakukuwa na mtu shambani.

Walimbebesha mizigo yao mpaka upande wa Kilembwe. Alirudi siku ya kumi na tatu kwa miguu. Uso ulikuwa umevimba, na shingo yake ilikuwa imelala upande mmoja, na haikunyooka tena mpaka kaburini. Hakubeba tena kitu kichwani maisha yake yote. Na mwanamke wa kwetu asiyeweza kubeba kichwani, mnajua watu wanamwita nini: si mwanamke. Mengine aliyoyaona kule hakunisimulia na sikumuuliza.

Mpunga tulivuna nusu. Tulikula. Baba Mudogo alikula chakula cha mkono wa mke wake siku ile ile mke aliporudi, alikula mpaka akakwangua sufuria, machozi yanaanguka humo humo. Mama Mudogo akamwambia, "Kula polepole, hakuna mutu anakufukuza." Na mimi akaniambia maji ya ndoo ni machafu, nirudi kisimani. Kila kitu kilirudi kama zamani, nikachukia hata hilo. Nilitaka ama anipende ama anishitaki.

Baadaye tulivuka ziwa kama wengine. Baba Mudogo alifia ng'ambo. Mimi nikaolewa, nikazaa, nikarudi Baraka, na Mama Mudogo akarudi na shingo yake. Aliugua katika nyumba yangu mwenyewe. Siku moja nilikuwa ninampaka mafuta shingoni, alasiri, na watoto wako nje wanacheza. Nikasema bila kupanga.

"Mama Mudogo. Ile kitabu ya parabole. Haukuichoma. Mi njo niliuza na karanga."

Alivuta kitenge mabegani. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijua?"

"Mama Atosha alinunuaka karanga kwako. Alitupa karatasi mu njia yangu. Nikaokota, nikaona picha ya vifungo. Nikaitia mu moto. Ile moja tu, mi niliichoma. Kwa hiyo sikusema uongo."

Mikono yangu ilisimama juu ya shingo yake. Nikamwuliza kwa nini hakunisema, hata siku ile Baba Mudogo alipotuchagulisha. Hapo akacheka, cheko lake lile kavu nililolichukia utotoni.

"Balishasemaka nilikula batoto yangu wawili. Ningekutuma ufe ku mpunga, bangesema nimekula na weye. Ya tatu ningeibeba wapi?"

"Lakini ulikuwa unasema kila siku, Wabiwa atashuka, Wabiwa atashuka."

"Nilisema mara mingapi?"

"Mingi."

"Na nilikutuma siku gani?"

Nilianza kulia, nikaanza kusema asante, na akanikata kama anavyokata mchicha.

"Usinishukuru. Sikukupendaka, hata leo sijue kama nakupenda. Paka mafuta, yanakauka."

Nikapaka. Aliishi miezi miwili baada ya hapo, na hatukulizungumza tena.

Nimefikiri sana kuhusu macho yale aliyonitazama nayo kabla ya kushika panga. Mtoto aliona chuki. Sasa mimi mwenyewe nimelea watoto wa watu, nimewahi kumtazama mtoto hivyo. Alikuwa ananingoja. Alinipa muda wa kupumua mara moja, niseme mwenyewe, na nilipokaa kimya akashuka. Na ule ukurasa aliouchoma, sitajua kamwe kama ndio ulikuwa na namna ya kukifundisha kisanduku mwisho wake. Labda ulikuwa na picha tu. Labda ukurasa wenyewe alikula nao karanga mtu wa Kazimia, akautupa ziwani.

Kwa hiyo siku ile ya Furaha, alipomaliza kulia, nilimpa karanga nyingine katika kibakuli. Kisha nikawaita wote uani, wakubwa na wadogo, na yule mwenye mikono kiunoni pia, nikawaambia wasimame, sitaki mtu amekaa.

"Katika nyumba hii, karatasi yenye maandishi haitaingia motoni wala haitafungiwa karanga mpaka imesomwa mbele yangu yote, mpaka mwisho. Na mukikuta imeshachanika, ule aliyeichana aseme ni yeye, hapo hapo, kabla mutu mwingine hajashika panga na kushuka."